Mlango wa kalsiamu: Jinsi maumivu yanavyopita kwenye uti wa mgongo, na jinsi yanavyoweza kuzuiwa

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

MKULIMA anayeteremka na tenga la kabichi kichwani kuelekea soko la Lukozi, wilayani Lushoto, akikanyaga kisiki chenye ncha kali, huumia mara mbili.

Mara ya kwanza ni maumivu ya kuchoma, makali na ya ghafla, yanayomfanya ainue mguu kabla hajajua amekanyaga nini. Baada ya muda mfupi hufuata maumivu ya pili, mazito na ya kupwita, yanayotambaa taratibu na kumsindikiza hadi nyumbani.

Wakazi wa milima ya Usambara, ambao maisha yao ni ya kupanda na kushuka miteremko wakiwa na mizigo, wanayafahamu vizuri maumivu haya ya aina mbili. Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba yote mawili, kabla ya kuhisiwa, hulazimika kupita mahali pamoja penye mlango, na kwamba mlango huo unaweza kufungwa.

Mahali hapo ni ndani ya uti wa mgongo. Mlango wenyewe ni tundu dogo lisiloonekana kwa macho, linalopitisha madini ya kalsiamu.

Suala hili si la maabara peke yake. Mgonjwa wa saratani anayekesha akilia, mwenye kisukari anayehisi nyayo zake zinawaka moto, na mzee aliyepona mkanda wa jeshi lakini hawezi kuvumilia hata shati liguse ngozi yake, wote hao wanateswa na ujumbe unaopita katika mlango huo. Kujua unavyofanya kazi ni hatua ya kwanza ya kuelewa kwa nini baadhi ya dawa husaidia na nyingine hazisaidii.

Ujumbe wa kasi mbili

Maumivu huanza kwenye ncha za neva zilizosambaa katika ngozi, misuli na viungo vya ndani. Ncha hizo zina vipokezi vinavyotambua joto kali, shinikizo na kemikali zinazotoka kwenye seli zilizojeruhiwa.

Mwaka 1997 mtafiti David Julius na wenzake nchini Marekani walikitambua kipokezi kinachoitikia ukali wa pilipili. Ilibainika kuwa kipokezi hicho hicho ndicho kinachotambua joto la kuunguza, na ndiyo maana mtu aliyekula pilipili husema kinywa chake kinawaka. Julius alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian aliyegundua vipokezi vya mguso na shinikizo.

Kipokezi kikishaamka, neva hutuma ishara ya umeme kuelekea mgongoni. Hapo ndipo tofauti ya maumivu ya kwanza na ya pili inapotokea.

Kuna nyuzi za neva zenye utando mwembamba wa mafuta, zinazosafirisha ujumbe kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Zipo pia nyuzi nyembamba zisizo na utando huo, ambazo kasi yake ni kati ya nusu mita na mita 2 tu kwa sekunde.

Kutoka unyayoni hadi kwenye uti wa mgongo wa mtu mzima ni umbali wa takribani mita moja. Hivyo ujumbe wa nyuzi za kasi hufika ndani ya sehemu ya tano ya sekunde au chini ya hapo, ilhali ule wa nyuzi za taratibu huchukua kati ya nusu sekunde na sekunde mbili. Ndiyo sababu mkulima wa Lukozi huumia mara mbili kwa kisiki kimoja.

Stendi ya Mombo ndani ya mwili

Watu wengi hudhani kuwa neva ya mguuni hufika moja kwa moja hadi kwenye ubongo, kama waya wa simu. Sivyo ilivyo.

Abiria anayetoka Dar es Salaam kwenda Lushoto kwa basi la Arusha hulazimika kushuka Mombo, kwani basi hilo linaendelea na barabara kuu. Pale hutafuta gari jingine litakalompandisha kilomita zipatazo 33 za kona, kupitia Soni hadi Lushoto mjini. Asipopata gari Mombo, safari yake huishia hapo hata kama amefika salama.

Ndivyo ulivyo ujumbe wa maumivu. Neva kutoka mguuni huishia ndani ya uti wa mgongo, yaani katika ule ugwe laini wa neva unaolindwa na pingili za mifupa. Huishia katika sehemu ya nyuma ya ugwe huo, ambayo wataalamu huiita pembe ya nyuma kutokana na umbo lake. Hapo huanza neva nyingine inayopanda hadi kwenye ubongo.

Neva hizo mbili hazigusani. Kati yake kuna mwanya mwembamba mno unaoitwa sinapsi, na ishara ya umeme haiwezi kuuruka mwanya huo. Lazima ujumbe ushushwe kutoka katika umeme, ugeuzwe kuwa kemikali, uvuke, kisha upakiwe tena katika umeme upande wa pili.

Kinachosimamia ushushaji huo ni kalsiamu.

Mlango unavyofunguka

Nje ya seli ya neva kuna kalsiamu nyingi, takribani mara 10,000 kuliko ile iliyo huru ndani yake. Seli hutumia nguvu nyingi kuhakikisha tofauti hiyo haipotei, kama watu wanaojenga ukuta kuzuia maji ya bwawa.

Katika ukuta wa neva, kwenye ncha inayotazama sinapsi, kuna milango iliyoundwa kwa protini. Milango hiyo hubaki imefungwa wakati neva imetulia. Ishara ya umeme ikifika, umbo la protini hubadilika, mlango hufunguka kwa muda wa takribani elfu moja ya sekunde, na kalsiamu hububujika kuingia ndani.

Ndani ya ncha hiyo kuna vifuko vidogo vilivyojaa kemikali za ujumbe. Kalsiamu iliyoingia hunaswa na protini maalumu iliyo kwenye vifuko, na papo hapo vifuko huungana na ukuta wa neva na kumwaga kemikali zake katika mwanya.

Mojawapo ya kemikali hizo ni glutameti, ambayo huiamsha neva ya pili haraka. Nyingine ni ile iitwayo dutu P, iliyogunduliwa mwaka 1931 na watafiti Ulf von Euler na John Gaddum, ambayo huongeza na kurefusha mwamko huo. Neva ya pili ikiamka, ujumbe hupanda hadi kwenye ubongo, na mtu husema: naumia.

Maana yake ni kwamba, kalsiamu isipoingia, vifuko havifunguki. Jeraha litakuwepo mguuni na umeme utafika mgongoni, lakini ujumbe hautavuka.

Milango ya kalsiamu iko ya aina kadhaa, na wanasayansi wameipa majina ya herufi: L, N, P/Q, R na T. Aina ya N ilielezwa mwaka 1985 na Martha Nowycky, Aaron Fox na Richard Tsien, waliokuwa wakichunguza neva za hisia za kifaranga wa kuku. Baadaye ilithibitika kuwa aina hiyo ndiyo iliyojaa katika ncha za neva za maumivu ndani ya pembe ya nyuma.

Mwaka 2001 tafiti za panya waliozaliwa bila jini ya kutengeneza milango ya aina ya N zilionyesha kuwa wanyama hao waliendelea kuishi, lakini waliitikia maumivu kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, hususan yale maumivu ya muda mrefu yatokanayo na uvimbe au neva iliyojeruhiwa.

Si kalsiamu ya kwenye maziwa

Kutokana na jina la madini haya, msomaji anaweza kudhani kuwa kunywa maziwa au kumeza vidonge vya kalsiamu kutamwongezea maumivu, au kwamba kuviacha kutampunguzia. Dhana hiyo si sahihi.

Mwili hudhibiti kiwango cha kalsiamu katika damu kwa uangalifu mkubwa, ukichukua kutoka kwenye mifupa inapopungua na kuihifadhi inapozidi. Kinachoamua maumivu ni kufunguka na kufungwa kwa milango katika neva, wala si wingi wa maziwa mezani.

Hali kadhalika, zipo dawa za shinikizo la damu, kama vile amlodipini na nifedipini, ambazo hujulikana kama dawa za kuzuia kalsiamu. Dawa hizo hufunga milango ya aina ya L iliyo katika misuli ya mishipa ya damu na ya moyo. Hazikutengenezwa kwa ajili ya milango ya aina ya N ya mgongoni, na hakuna sababu ya mgonjwa kuzitumia ili kutuliza maumivu.

Lango linapokataa kufungwa

Maumivu ya kawaida yana faida. Humwonya mtu auondoe mguu kwenye kisiki, na humlazimisha apumzishe kiungo kilichoumia ili kipone. Tatizo hutokea pale ambapo jeraha limepona lakini ujumbe unaendelea kutumwa.

Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf, mzaliwa wa Afrika Kusini, alionyesha kuwa uti wa mgongo si njia ya kupitishia ujumbe tu. Ukipokea ujumbe wa maumivu kwa wingi na kwa muda, wenyewe hubadilika na kuwa mwepesi wa kuamka. Kalsiamu inahusika hapa pia, kwani safari hii huingia katika neva ya pili kupitia vipokezi vya glutameti na kuanzisha mabadiliko yanayoifanya ipaze sauti ya kila ujumbe unaoipitia.

Matokeo yake ni kwamba, mguso mwepesi huhisiwa kama kidonda, na maumivu madogo huwa makubwa. Mgonjwa wa namna hiyo hajifanyi wala hadeki. Uti wake wa mgongo umejifunza kuumia.

Neva yenyewe ikijeruhiwa, hali huwa mbaya zaidi. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva za miguuni. Virusi vya mkanda wa jeshi hujificha katika vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo na kuviachia uharibifu. Virusi vya Ukimwi navyo huweza kuathiri neva, na baadhi ya wagonjwa waliotumia dawa ya stavudini katika miaka ya 2000 walipata ganzi na maumivu ya nyayo, moja ya sababu zilizolifanya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 kushauri dawa hiyo iachwe hatua kwa hatua.

Neva ikijeruhiwa, hutengeneza kwa wingi kipande cha protini kinachosaidia kusafirisha milango ya kalsiamu hadi kwenye ncha za neva. Milango huongezeka, kalsiamu inayoingia huongezeka, na kemikali za ujumbe humwagika zaidi.

Kwa sababu hiyo dawa za kawaida za maumivu, kama parasetamo na diklofenaki, mara nyingi haziwasaidii wagonjwa wa aina hii. Diklofenaki, kwa mfano, hupunguza kemikali za uvimbe kwenye jeraha. Lakini hapa jeraha halipo tena mguuni, lipo katika neva.

Dawa ya kifafa yageuka ya maumivu

Moja ya dawa zinazogusa kipande hicho cha protini ilipatikana kwa njia isiyotarajiwa. Gabapentini iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1993 kwa ajili ya kifafa. Mwaka 1996 watafiti waligundua kuwa hujishikiza kwenye kipande kile kile kinachosafirisha milango ya kalsiamu. Pregabalini, iliyoidhinishwa mwaka 2004, hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo.

Dawa hizi haziuzibi mlango uliokwisha wekwa. Hupunguza idadi ya milango inayofikishwa kwenye ncha ya neva, na ndiyo maana nafuu yake huja taratibu, baada ya siku au wiki, na dozi hupandishwa kidogo kidogo.

Hata hivyo, si tiba ya kila mtu. Katika mapitio ya tafiti za wagonjwa wenye maumivu ya neva ya kisukari na ya mkanda wa jeshi, takribani watu 3 hadi 4 kati ya 10 waliotumia gabapentini walipata nafuu ya nusu ya maumivu au zaidi, ikilinganishwa na takribani 2 kati ya 10 waliopewa dawa bandia. Huweza pia kuleta kizunguzungu na usingizi, na haifai kuachwa ghafla bila ushauri wa daktari.

Sumu ya konokono wa bahari

Kutoka Lushoto kuteremka hadi pwani ya Tanga ni safari ya saa chache. Katika miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, ukiwamo mwambao wa Afrika Mashariki, huishi konokono wa baharini ambao gamba lao lina umbo la pia na nakshi za kuvutia. Konokono hao huwinda kwa kuchoma kwa mwiba wenye sumu, na mmoja wao, ajulikanaye kitaalamu kama Conus geographus, amewahi kuua watu waliomwokota kwa kupendezwa na gamba lake. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini.

Mtafiti Baldomero Olivera, mzaliwa wa Ufilipino, alianza kuchunguza sumu za konokono hao kwao, kisha akaendelea katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Mwanafunzi wake, Michael McIntosh, alitenga kutoka kwa konokono mwingine, Conus magus, chembe ya protini yenye asidi amino 25 tu. Chembe hiyo iliuziba mlango wa kalsiamu wa aina ya N.

Nakala yake iliyotengenezwa maabara, zikonotaidi, iliidhinishwa Marekani Desemba 2004 kwa jina la biashara la Prialt, kwa ajili ya maumivu makali ambayo dawa nyingine zimeshindwa kuyatuliza.

Ushahidi wa kuwa mlango huo ndio penyewe ulipatikana. Lakini dawa yenyewe ina vikwazo vikubwa. Milango ya aina ya N ipo pia katika ubongo na katika neva zinazoendesha shinikizo la damu, hivyo dawa hii haiwezi kumezwa wala kuchomwa sindano ya kawaida. Hutolewa kwa mashine ndogo inayoidondosha moja kwa moja katika majimaji yanayozunguka uti wa mgongo. Aidha, huweza kuleta kuchanganyikiwa na kusahau, na gharama yake ni kubwa.

Kwa mgonjwa wa kijijini Mlalo au Mtae, dawa ya namna hiyo ni sawa na kuonyeshwa embe lililo juu ya mti usiopandika.

Morfini na mlango huo huo

Hata hivyo, ipo dawa nyingine inayoufunga mlango huo, na umri wake ni zaidi ya miaka 200. Ni morfini, iliyotengwa kutoka kwenye utomvu wa mpopi na mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, mwanzoni mwa karne ya 19.

Kwa muda mrefu madaktari walijua kuwa inatuliza maumivu bila kujua ni kwa jinsi gani. Leo inafahamika kuwa morfini hujishikiza kwenye vipokezi vilivyo katika ncha za neva za maumivu ndani ya pembe ya nyuma. Kipokezi kikishikwa, hutuma ndani ya seli ujumbe unaouzuia mlango wa kalsiamu usifunguke kirahisi. Kalsiamu hupungua, vifuko havimwagi, na ujumbe hukwama kwenye ile stendi ya mgongoni.

Papo hapo morfini huituliza neva ya pili upande wa juu, kwa kuiruhusu itoe potasiamu nje na hivyo kuwa nzito kuamka. Hufanya kazi pia ndani ya ubongo. Kwa maneno mengine, humzuia abiria asishuke Mombo, na wakati huo huo hulizima gari la kupandia Lushoto.

Tofauti na zikonotaidi, morfini inaweza kunywewa. Unga wake huchanganywa na maji, na mgonjwa hunywa kipimo alichopangiwa akiwa nyumbani kwake. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika ngazi ya juu ya mwongozo wake wa kutuliza maumivu ya saratani uliotolewa mwaka 1986.

Hapa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyopewa hadhi ya kujitegemea mwaka 1996, kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kitovu cha upatikanaji wa morfini ya kunywa. Mkoani Tanga, Hospitali Teule ya Muheza, iliyo chini ya milima ya Usambara Mashariki, ilianzisha huduma ya hospisi mwaka 2001, ikiwahudumia wagonjwa wa saratani na Ukimwi kwa kuwafuata hadi majumbani.

Huduma hiyo ya Muheza ilithibitisha jambo moja la msingi: kwamba maumivu makali yanaweza kutulizwa nje ya jiji kubwa, katika wilaya ya wakulima, bila mashine za kifahari.

Nchi jirani ya Uganda ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2004 iliruhusu kisheria wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika morfini, ili mgonjwa wa kijijini asilazimike kumsubiri daktari ambaye hayupo.

Pengo lililopo

Pamoja na hayo, ripoti ya tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet, iliyotolewa mwaka 2017, ilieleza kuwa kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, ni tani 0.1 pekee iliyofika katika nchi zenye kipato cha chini. Tume hiyo ilikadiria kuwa zaidi ya watu milioni 61 duniani walipitia mateso makubwa ya kiafya katika mwaka 2015, na angalau asilimia 80 yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Sababu mojawapo ni woga. Morfini ni dawa inayodhibitiwa, na hapa nchini inaguswa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Udhibiti huo una msingi wake, kwani ikitumiwa vibaya huleta uraibu, na ikizidishwa huweza kusimamisha pumzi. Marekani, ambako dawa za jamii hii ziliandikwa ovyo kwa maumivu ya kila aina kuanzia miaka ya 1990, imepoteza watu wengi.

Lakini wataalamu wa tiba shufaa hutofautisha mambo mawili. Uraibu ni kuitamani dawa na kuitafuta hata inapodhuru. Utegemezi wa mwili ni hali ya mwili kuizoea dawa, na hutatuliwa kwa kuipunguza polepole. Mgonjwa wa saratani anayeomba kipimo chake kwa sababu saa imefika hatafuti ulevi. Anatafuta usingizi.

Kwa mgonjwa anayesimamiwa, tatizo la kila siku ni la kawaida zaidi: kufunga choo, ambako hakupungui kadiri siku zinavyokwenda, na ndiyo maana dawa ya kulainisha choo hutolewa pamoja na morfini tangu siku ya kwanza. Usingizi na kichefuchefu vya mwanzoni kwa kawaida hupungua baada ya siku chache.

Mkono wa mama na milango mingine

Uti wa mgongo hauhitaji dawa kila mara ili ufunge mlango wake. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa ndani ya uti wa mgongo kuna lango la maumivu linaloathiriwa na ujumbe wa hisia nyingine. Nyuzi nene za mguso, zikiamshwa, huziamsha neva ndogo za mgongoni zinazozuia ujumbe wa maumivu.

Mama wa Kisambaa anayemsugua mtoto wake goti baada ya kuanguka kwenye mteremko wa Soni anafanya jambo hilo hilo, pasipo kusoma kitabu chochote. Ubongo nao hutuma amri za kushuka chini, ndiyo maana hofu na upweke huongeza maumivu, na utulivu na faraja huyapunguza.

Watafiti wanaendelea kutafuta vidonge vya kufunga milango ya aina ya N pale tu inapofanya kazi kupita kiasi, bila kuigusa iliyotulia. Wengine wamegeukia milango ya sodiamu, inayobeba umeme kabla haujafika mgongoni. Januari 2025 Marekani iliidhinisha kidonge cha aina hiyo, suzetrijini, kwa maumivu makali ya muda mfupi, nje kabisa ya jamii ya morfini.

Lakini kwa mgonjwa aliye kitandani leo katika kijiji cha Usambara, jibu halisubiri uvumbuzi mpya.

Kinachotakiwa kwanza ni kusema. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kilio humuumbua. Mgonjwa amweleze mganga wa zahanati maumivu yako wapi, yana ukali gani, yanachoma, yanapwita au yanawaka kama moto, kwa kuwa maneno hayo ndiyo yanayomwonyesha mtaalamu kama jeraha liko kwenye nyama au kwenye neva. Asinunue dawa dukani kwa kuiga jirani, na asiongeze wala kuacha dozi bila kuuliza.

Ndugu wa mgonjwa nao wanapaswa kujua kwamba kuvumilia hakupunguzi kalsiamu inayoingia mlangoni, na kwamba maumivu yanayoachwa bila kutulizwa yanaweza kuufundisha uti wa mgongo kuumia zaidi.

Kwa upande wa wenye mamlaka, swali lililobaki si la kisayansi. Mlango unajulikana ulipo, na dawa ya kunywa inayoufunga ipo na si ya gharama kubwa. Linalosubiriwa ni dawa hiyo kuvuka Mombo na kupanda mlima, hadi kwa mgonjwa anayeihitaji.